El Tatio: Mwongozo kwa Msafiri Anayekwenda Kuzuru Chemchemi za Kufoka za Milima ya Andes

Kijitabu cha elimu kwa umma

Kijitabu hiki ni cha nani

Tumekiandika kwa ajili ya msafiri wa Afrika Mashariki anayekwenda kaskazini mwa Chile kwa matembezi, masomo, mkutano au kazi, na ambaye kwenye ratiba yake kumewekwa siku ya kwenda El Tatio pamoja na kikundi cha watalii na mwongozaji wao. Wengi huiona kama safari ndogo ya asubuhi: unaamshwa usiku, unapanda basi dogo, unatazama mvuke, unapiga picha, na saa sita mchana umesharudi hotelini. Ni kweli ndivyo ratiba ilivyo. Lakini katika saa hizo chache gari litakupandisha karibu mita 1,900, utasimama kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri, na utatembea juu ya ardhi ambayo chini yake maji yanachemka.

Ushauri wetu mkubwa tunautoa hapa mwanzoni ili hata atakayeishia ukurasa huu aondoke nao: El Tatio iwe siku ya mwisho ya kukaa kwako San Pedro de Atacama, isiwe ya kwanza. Wakala atakayekushawishi uende kesho yake asubuhi mara baada ya kuteremka ndege, eti kwa sababu nafasi zimebaki chache, mkatalie.

Mahali penyewe

El Tatio ipo katika mkoa wa Antofagasta, karibu na mpaka wa Bolivia, kwenye bonde lililozungukwa na vilele vya volkano, kimo cha takriban mita 4,300 kutoka usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa haraka: ni juu ya kambi ya Horombo, iliyo mita 3,720, na chini ya kambi ya Kibo, iliyo mita 4,720. Mpandaji wa Kilimanjaro hukipita kimo hicho siku ya tatu au ya nne, kwa miguu, huku mwili ukizoea kidogo kidogo. Mgeni wa El Tatio hukifikia kwa muda wa chini ya saa mbili, na pengine njia nzima amesinzia kwenye kiti.

Kwa idadi ya gaiza, yaani chemchemi zinazorusha maji ya moto na mvuke hewani kwa vipindi, uwanja huu ni wa tatu duniani, baada ya Yellowstone nchini Marekani na Bonde la Gaiza la Kamchatka nchini Urusi. Ni mkubwa kuliko mwingine wowote katika nusu ya kusini ya dunia. Zimehesabiwa gaiza zaidi ya 80, mbali na chemchemi zinazochemka bila kurusha, matundu yanayotoa mvuke mtupu, na vidimbwi vya matope yanayotokota mchana na usiku.

Ardhi hii ina wenyewe. Wenyeji ni Waatacama, ambao wao hujiita Lickanantay, na uwanja unaendeshwa na jamii za vijiji viwili, Caspana na Toconce. Kiingilio unacholipa getini kinakwenda kwao. Mara nyingi kiingilio hicho hakimo kwenye bei uliyolipa kwa wakala, kwa hiyo beba peso za Chile taslimu. Watu utakaowakuta langoni na kwenye njia za kupita ni wenye mali, na neno lao kuhusu wapi ukanyage na wapi usikanyage ndilo la mwisho.

Maji yanapandaje juu

Gaiza ni kitu adimu kwa sababu huhitaji mambo matatu yakutane mahali pamoja: maji ya kutosha, joto jingi chini ya ardhi, na mfereji mwembamba wenye mahali palipobana. Joto El Tatio linalo, maana mlolongo huu wa milima ni wa volkano na miamba iliyo chini bado ina moto. Maji ndiyo humshangaza mgeni, kwani Jangwa la Atacama ni miongoni mwa sehemu kavu kuliko zote duniani. Hutoka kwenye milima mirefu iliyo mashariki. Theluji na mvua za kiangazi zinazoanguka huko huzama ardhini, zikateremka polepole ndani ya miamba kuelekea bondeni, na njiani hupashwa joto.

Maji yaliyo chini kabisa ya mfereji hukandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, hivyo hupata joto kupita kiwango cha kawaida cha kuchemka bila kugeuka mvuke. Joto likizidi, mapovu hupanda na kuyasukuma maji ya juu yamwagike mdomoni mwa tundu. Hapo uzito hupungua ghafla. Maji ya chini, yaliyokuwa yamezuiwa, hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja na kusukuma nje kila kilicho mbele yake, kama sufuria ya presha iliyofunguliwa kifuniko kabla ya wakati. Mfereji ukishamwaga, huanza kujaa tena, na mzunguko huo haukomi.

Katika kimo hiki hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kwenye takriban nyuzijoto 86 badala ya 100. Hesabu hiyo huwapotosha watu wakadhani maji ya huku hayaunguzi sana. Tutalirudia jambo hili mbele, kwa sababu kuna watalii waliotumbukia kwenye maji haya na kufa kwa majeraha ya moto.

Atakayekuja akitarajia mrusho wa makumi ya mita, kama ule wa Old Faithful kule Yellowstone, hataupata. Gaiza nyingi za El Tatio hazifiki hata mita moja, na chache hupanda mita kadhaa. Uzuri wake uko katika wingi: bonde zima linafuka kwa pamoja, tundu moja likitulia jirani yake linaanza, na chini ya miguu unasikia ngurumo ndogo ya maji yanayosukumana.

Kwa nini mnaamshwa saa kumi usiku

Kutoka San Pedro hadi El Tatio ni kama kilomita 90, sehemu kubwa ikiwa barabara ya changarawe yenye kona na vumbi. Magari huondoka kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri ili kufika kabla ya jua kuchomoza. Watu wengi huelezwa kwamba gaiza hufanya kazi alfajiri tu, na jua likipanda hulala. Maelezo hayo si sahihi, na inasikitisha kuyasikia hata kwa baadhi ya wanaouza safari hizi.

Ipo gaiza moja El Tatio iitwayo El Jefe ambayo watafiti waliifungia vipimo usiku na mchana kwa siku mfululizo. Iliruka kila baada ya takriban sekunde 132, maelfu ya mara, wala kubadilika kwa baridi ya usiku na joto la mchana hakukusogeza mwendo wake. Kinachobadilika ni hewa ya juu. Alfajiri baridi huwa kali mno, na mvuke ukitoka hugeuka papo hapo kuwa wingu jeupe zito linalosimama wima kwa sababu upepo bado haujaanza. Kufikia saa tatu au saa nne asubuhi hewa imepata joto na upepo umeamka, na mvuke uleule hupotea kabla haujaonekana vizuri.

Jambo hili lina maana kwa usalama wako. Tundu ambalo saa moja asubuhi lilikuwa na wingu la kulitambulisha, saa nne huenda lisionyeshe dalili yoyote, na maji yake bado yanachemka.

Kimo kinavyoupata mwili

Kwenye mita 4,300 shinikizo la hewa ni takriban asilimia 60 ya lile la pwani. Maana yake, kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni kidogo kuliko kiasi ambacho mwili wa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja umezoea tangu kuzaliwa. Mkazi wa Nairobi, aliyezoea mita 1,700 hivi, ana nafuu kidogo tu. San Pedro penyewe pana mita 2,400, na hapo ndipo mwili unapotakiwa uanze kujifunza.

Dalili za kwanza za ugonjwa wa mwinuko, ambao wenyeji wa Andes huuita puna, ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio na sababu na kukosa usingizi au hamu ya kula. Hazitokei palepale kila mara. Zinaweza kuja saa kadhaa baada ya kupanda. Haziangalii umri wala nguvu. Kijana anayekimbia mbio ndefu anaweza kulala chini wakati bibi yake anatembea vizuri, na mara nyingi anayeumia zaidi ni huyo mwenye mwili imara, kwa sababu huharakisha. Tembea kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Kuinama kufunga kamba za viatu kisha kusimama ghafla kunatosha kukutia kizunguzungu.

Usiku wa kuamkia safari kula chakula chepesi, kunywa maji ya kutosha, acha pombe kabisa, na usitumie vidonge vya usingizi, kwa sababu vitu hivyo viwili hupunguza kasi ya kupumua wakati mwili unahitaji kupumua zaidi. Jipe siku mbili au tatu San Pedro, ukianza na matembezi ya bonde la chini na kupanda kidogo kila siku. Ipo dawa ya kusaidia mwili kuzoea, asetazolamidi, ambayo huanzwa kabla ya kupanda. Haimfai kila mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa, kwa hiyo muulize daktari kabla hujaondoka nyumbani. Usiazime kidonge cha mwenzako garini.

Kuna dalili ambazo hazisubiri ratiba. Mtu akishindwa kupumua vizuri hata akiwa amekaa, akikohoa makohozi yenye povu au damu, akianza kuyumba kama mlevi, au akichanganyikiwa na kujibu mambo yasiyoeleweka, mapafu au ubongo wake umeanza kujaa maji. Tiba ya kwanza ni kumteremsha mara moja, hata kama kikundi hakijamaliza kutazama. Oksijeni humsaidia akiwa njiani, lakini haichukui nafasi ya kushuka. Usione haya kusema. Wapo wanaokaa kimya kwa kuogopa kuwaharibia wenzao safari, na ukimya huo ndio unaoua.

Neno maalumu kuhusu selimundu

Vijitabu vingi vya watalii vimeandikwa kwa ajili ya wageni wa Ulaya na havigusi jambo hili, kwa hiyo tunalisema sisi. Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu. Mwenye ugonjwa huo asiende El Tatio. Oksijeni ikipungua, chembe zake nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa, na baridi na kupungukiwa maji mwilini huzidisha hatari. Mahali penyewe ni mbali na hospitali.

Wapo pia wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua. Hao huishi maisha ya kawaida, na wengi hawajijui. Hata hivyo imeshathibitika kwamba baadhi yao, wakifika kwenye vimo vya namna hii, hupata maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, kwa sababu damu imeziba kwenye wengu. Kama katika ukoo wenu kuna mgonjwa wa selimundu, pima kabla ya safari. Kipimo ni cha damu tu. Na maumivu ya upande huo yakikupata ukiwa juu, usiyachukulie kuwa gesi ya tumbo. Mwambie mwongozaji na mshuke.

Wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, upungufu mkubwa wa damu au pumu kali, pamoja na wajawazito, waamue pamoja na daktari wao. Watoto wadogo, wasioweza kueleza wanavyojisikia, ni afadhali wabaki San Pedro na mzazi mmoja.

Ukoko wa ardhi na maji yanayochemka

Inama kidogo, ukiwa ndani ya njia, utazame ukingo wa chemchemi. Maji yanayomwagika huacha madini ya silika yanapopoa, na madini hayo hujijenga tabaka juu ya tabaka kuwa jiwe jepesi la rangi ya kijivu na nyeupe. Pembezoni mwa tundu utaona vinundu vidogo vilivyochongoka, vimesimama kwa safu. Pale maji yanapopoa kiasi kuna utando wa rangi ya chungwa, kahawia na kijani. Rangi hizo ni za viumbe hai, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vimechagua kuishi kwenye maji ya moto yenye chumvi chini ya jua kali la milimani.

Vinundu hivyo vimewahi kuushughulisha ulimwengu wa sayansi. Mwaka 2007 chombo cha Spirit cha shirika la anga la Marekani kilikuta madini ya silika kwenye sayari ya Mirihi, na mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi wakionyesha kwamba maumbo yake yanafanana sana na haya ya El Tatio. Kwa hiyo jiwe unaloweza kulivunja kwa kisigino ni mojawapo ya vitu vichache duniani vinavyosaidia kuuliza kama kuliwahi kuwa na uhai kule. Limechukua miaka mingi kujijenga.

Ukoko huo si wa kutegemewa. Kwingine una unene wa kubeba gari, na hatua chache mbele ni mwembamba kama kigae, na kwa macho hutaona tofauti. Ndiyo maana njia zimewekewa mipaka ya mawe yaliyopangwa ardhini. Hakuna ukuta wala wavu. Mpaka ni mawe tu, na kuuvuka ni hatua moja. Watu huuvuka kwa ajili ya picha. Hutokea pia wakati wa wingu zito la mvuke, ambapo huoni mita mbili mbele, na mtu anayerudi kinyumenyume na simu mkononi hujikuta nje ya njia. Mvuke ukikufunika, simama ulipo hadi upite. Picha piga ukiwa umesimama. Mtoto ashikwe mkono muda wote, si kwa kuitwa tu.

Maji ya nyuzijoto 86 huunguza ngozi hadi ndani kwa muda usiofika sekunde moja. Mwenzako akiungua, mtoeni kwenye maji bila nyinyi kuingia, mvueni viatu, soksi, pete na saa kabla sehemu haijavimba, kisha mmwagieni maji safi ya kunywa yaliyopoa, yanayopita juu ya jeraha, kwa dakika 20 kama maji yanatosha. Nguo iliyogandamana na ngozi msiivute. Dawa ya meno, asali, mafuta, yai na siagi, ambavyo kwetu hupakwa kwa haraka, vinazidisha jeraha na kuliletea uchafu, msipake chochote. Funikeni kwa kitambaa safi kilicholegea. Na kwa sababu ya baridi ya huku, sehemu nyingine zote za mwili zifunikwe kwa blanketi wakati jeraha linapozwa, la sivyo mgonjwa atapata madhara ya pili kutokana na baridi.

Maji haya hayanywewi

Maji ya El Tatio ni miongoni mwa maji asilia yenye aseniki nyingi zaidi yaliyopimwa duniani: makumi ya miligramu kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01. Usionje, usijaze chupa, usisukutue.

Madhara yake yanajulikana kwa uchungu. Mito inayotoka kwenye milima hii hubeba aseniki, na mwaka 1958 jiji la Antofagasta lilianza kuletewa maji ya kunywa kutoka mto Toconce na vijito jirani. Hadi kilipofunguliwa kiwanda cha kusafisha maji mwaka 1970, wakazi wa jiji hilo walikunywa maji yenye karibu miligramu 0.9 za aseniki kwa lita. Saratani za mapafu na kibofu ziliendelea kuwa juu miongoni mwao miongo kadhaa baadaye, wakiwemo watu ambao mama zao walikunywa maji hayo wakiwa wajawazito. Ni maji yasiyo na rangi wala ladha ya kumwonya mtu.

Mahali pakitangazwa kuwa pa kuoga, fuata tangazo la siku hiyo, usimeze maji, na usikae muda mrefu. Ukitoka majini mwili ukiwa bado haujakauka, baridi hukuingia haraka kuliko unavyodhani.

Mvuke huu umewahi kugombaniwa

Utaona vyuma vilivyoota kutu karibu na uwanja. Ni mabaki ya majaribio ya kuzalisha umeme wa jotoardhi, yaliyoanza na wahandisi wa Kitaliano mapema karne iliyopita. Kati ya mwaka 1969 na 1974 vilichimbwa visima 13, kisha mradi ukaachwa. Msomaji wa Kenya anaujua upande mzuri wa nishati hii: mvuke wa Olkaria na maeneo jirani huipatia nchi hiyo karibu nusu ya umeme wake, na hakuna anayeweza kusema hiyo si neema.

Lakini si kila chemchemi inafaa kuchimbwa. Septemba 2009 kisima kilichokuwa kikifanyiwa kazi karibu na El Tatio kilifumka, kikatupa nguzo ya mvuke ya takriban mita 60 kwa wiki kadhaa kabla hakijazibwa. Wanavijiji, ambao walikuwa wakiupinga mradi tangu awali kwa kuhofia maji yao na gaiza zenyewe, walikuwa wameonya. Mradi ulisimama. Chile ilikuja kuzindua kituo chake cha kwanza cha jotoardhi, Cerro Pabellón, mwaka 2017, mahali pengine kwenye milima hiyohiyo. Kwa maoni yetu wanavijiji walikuwa sahihi: umeme unaweza kutafutwa sehemu nyingi, na gaiza iliyokauka hairudishwi kwa fidia.

Mavazi, baridi na jua

Majira ya huko ni ya nusu ya kusini ya dunia. Juni hadi Agosti alfajiri hushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi. Desemba hadi Machi baridi hupungua, ila Januari na Februari mvua za milimani huweza kufunga barabara. Vaa nguo nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, kuliko koti moja zito, kwa sababu kufikia saa nne asubuhi utakuwa unazivua. Kofia ya kufunika masikio, glavu, soksi za sufu na viatu vilivyofungwa ni lazima. Kandambili zibaki hotelini. Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia mionzi ni kwa kila ngozi, hata nyeusi sana. Jua la kimo hiki huunguza midomo na macho kwanza. Betri ya simu huisha upesi kwenye baridi, kwa hiyo iweke mfuko wa ndani.

Mwislamu ajue kwamba wakati wa alfajiri huingia mkiwa njiani au mara tu mnapofika. Mwambie mwongozaji usiku uliotangulia, naye atakuonyesha mahali salama getini. Kibla kutoka huko ni mashariki, kidogo kuelekea kaskazini. Anayefunga Ramadhani tunamsihi apange safari hii baada ya Idi, au atumie ruhusa ya msafiri, kwa sababu mwili unahitaji maji.

Wenyeji watakukaribisha majani ya koka, ya kutafuna au kwenye chai. Ni desturi yao ya tangu kale na haina ubaya kuikubali. Fahamu tu kwamba huweza kuonekana kwenye vipimo vya dawa za kulevya, na kwamba majani hayo yamo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 wa kudhibiti dawa hizo. Usirudi nayo nyumbani, hata jani moja ndani ya kitabu.

Kuchagua kampuni na kurudi salama

Chile ina idara ya utalii, Sernatur, yenye daftari la watoa huduma waliosajiliwa. Uliza kama kampuni yako imo. Uliza pia kama gari lina mtungi wa oksijeni na sanduku la huduma ya kwanza, na kama mwongozaji amefundishwa kuvitumia. Jibu la kusitasita ni jibu. Kukodi gari na kujiendesha usiku kwenye barabara hii usiyoijua, ambako simu hazishiki sehemu kubwa ya njia, hatukushauri. Bima ya safari isomwe vizuri: nyingine hazigusi vimo vinavyozidi mita 4,000.

Wakati wa kurudi magari mengi husimama Machuca, kijiji kidogo cha nyumba za udongo na kanisa jeupe, ambako huuzwa mishikaki ya nyama ya lama na sambusa kubwa za jibini. Kwenye bwawa la jirani utaona flamingo, na mbugani vikunya, wanyama wa porini wa jamii ya ngamia, wembamba na wenye sufu laini sana. Vikunya hawalishwi wala kufukuzwa kwa ajili ya picha. Lama wenye nyuzi za rangi masikioni wana wenyewe. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na ununue chochote, maana kijiji hicho kinategemea wapita njia.

Waongozaji wengi huzungumza Kihispania na lugha moja ya kigeni. Jifunze maneno machache ambayo huwezi kuyatafuta ukiwa umezidiwa: *me siento mal*, yaani najisikia vibaya, na *me cuesta respirar*, yaani napumua kwa shida. San Pedro kuna zahanati. Hospitali kubwa iliyo karibu iko Calama, takriban kilomita 100 kutoka San Pedro. Nambari ya gari la wagonjwa nchini Chile ni 131, ya zimamoto ni 132, na ya polisi ni 133. Ziandike kwenye karatasi pamoja na jina la dawa unazotumia na la ndugu wa kupigiwa, uziweke mfukoni kabla hujalala usiku wa kuamkia safari.